Mlango Mmoja wa Darasa Zima

Kila asubuhi Pilipili alianza kwa kufagia vitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na cherehani ilikaa sebuleni, hapo hapo walipokula, walipopokea wageni na, tangu shule zifungwe, waliposomea. Vipande vya nguo za watu vilijaa chini ya meza, nyuma ya kiti, hata ndani ya viatu. Pilipili alivifagia, akavitia guniani, akaokota pini zilizoanguka kwa kipande cha sumaku, kisha akakaa kusubiri simu.

Simu ilikuwa moja tu, ya mama. Kioo chake kilipasuka, na spika ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo aliyeongea ndani yake alisikika nyumba nzima.

Jina la Pilipili hakupewa na wazazi. Jirani ndiye aliyempa, siku ile alipokuwa na miaka minne, alipomgombeza jogoo mpaka jogoo mwenyewe akatimua mbio. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na jina lilikuwa bado linamkaa sawasawa.

Shule zilifungwa kwa sababu ya homa iliyokuwa ikiambukiza watu. Walimu wengine walikaa kusubiri. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki, hakuwa mtu wa kusubiri. Alipaka rangi nyeusi ubavu wa kabati lake la nguo ukawa ubao. Kila Jumatatu aliandika somo pale, akalipiga picha, akarekodi maelezo kwa sauti yake na kuyatuma kwenye kundi la simu la darasa. Watoto ambao nyumbani kwao hakuna simu aliwawekea karatasi ndani ya boksi pale kwenye mashine ya kusaga unga, wakazichukua Jumatatu na kuzirudisha Ijumaa. Watu walimsifu, na sifa alistahili. Lakini alikuwa na wanafunzi arobaini na watatu, na macho yake yalikuwa mawili.

Sasa, kulikuwa na jambo moja lililomnyima Pilipili raha. Shule ilitangaza kwamba muhula huo hautakuwa na mtihani. Zingehesabiwa kazi tatu za hesabu, kila moja alama ishirini. Atakayekosa kufikisha thelathini kwa jumla, atarudia darasa. Na darasa la tano, nyuma yake kidogo tu, alikuwapo mdogo wake wa kike, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Dada, nikuwekee nafasi kwenye dawati langu?" Kasuku alimuuliza. "Ila mimi ndiye hukaa dirishani. Wewe utakaa upande wa ukuta."

"Kasuku, nitakufunga mdomo kwa uzi wa cherehani."

"Mama! Dada anataka kunishona!"

Somo lilikuwa sehemu: nusu, robo, theluthi, na namna ya kuzigawa. Maelezo ya mwalimu yalichukua dakika nane. Pilipili aliketi na daftari, akasikiliza dakika tatu, na simu ikaita. Alikuwa mteja. "Fundi, suruali yangu imefikia wapi?" Mama akaichukua simu, akaeleza habari za suruali, akairudisha. Pilipili akaanza upya. Dakika ya nne, mteja mwingine. Huyu alitaka kola ipunguzwe. Wa tatu alitaka kola ile ile irudishwe kama ilivyokuwa. Ikafika jioni na Pilipili hajawahi kusikia dakika ya tano inasema nini.

Hata hivyo alifanya kazi yake mwenyewe. Alifuta, akaandika, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Wiki ya kwanza alipata nane. Wiki ya pili alipata tisa. Darasa karibu zima lilipata kumi na nane na kumi na tisa. Chini ya alama yake ya pili, ndani ya kundi la darasa ambalo hata wazazi walikuwamo, mwalimu aliandika: "Tisa tu! Wenzako wote wanaweza, wewe una nini? Acha uvivu."

Pilipili alisoma maneno yale mara tatu. Masikio yalimwaka moto. Alilitupa gunia la vitambaa ukutani, likapasuka, na kazi yote ya asubuhi ikamwagika sakafuni.

"Mvivu! Mimi? Mimi mvivu?"

"Hasira hasara, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. Mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani, na ndoa ya mtu ilikuwa Jumamosi.

Kila mtu alikuwa akimwambia Pilipili hasira hasara, na kila alipoambiwa alizidi kukasirika.

Siku ile ile rafiki yake, binti wa mwenye mashine ya kusaga, alikuja dirishani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Wewe unajitesa bure," alisema kwa sauti ya chini. "Unadhani sisi tunahesabu? Kiranja ana kaka yake chuoni. Kila Jumatano kaka anafanya maswali yote, kiranja anapiga picha na kututumia kwenye kundi letu. Mwalimu hayumo. Wasio na simu wanakuja mashineni, wananakili kwangu. Darasa zima limo, umebaki wewe tu na kiburi chako."

"Huo ni wizi."

"Haya, baki na haki yako. Tutakusalimia ukirudia darasa la sita."

Pilipili alifunga dirisha kwa kishindo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Alikuwa na alama kumi na saba. Alihitaji kumi na tatu, na yeye hajawahi kuvuka tisa. Alijiona ameketi upande wa ukuta, na Kasuku dirishani anampungia mkono. Tena aliikumbuka ile sentensi: wenzako wote wanaweza. Kumbe wenzake wenyewe walikuwa wanaweza hivi! Basi naye ataweza.

Kazi ya tatu ilipokuja, hakusikiliza hata dakika moja ya maelezo. Alimwomba rafiki yake amtumie, na Jumatano picha ya kiranja ilifika. Pilipili alinakili maswali yote kumi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ameuma meno, bila kusoma maswali yenyewe yanauliza nini. Akatuma.

Siku ya pili yake mwalimu aliandika kwenye kundi: "Pilipili, ishirini kwa ishirini! Umeona? Ukitaka unaweza. Mpigieni makofi."

Makofi ya picha yakaanza kumiminika. Kiranja alituma matatu. Ungefikiri Pilipili angefurahi. Wapi! Alihisi kama mtu aliyepigwa kofi halafu akaambiwa asante. Alipofanya kweli aliitwa mvivu, na sasa kwa kudanganya alipigiwa makofi. Hakuweza hata kula vizuri.

"Kwa hiyo huji tena dawatini kwangu?" Kasuku aliuliza kwa masikitiko.

"Nyamaza!"

Jumamosi asubuhi simu iliita. Mama alidhani ni mteja, kumbe ni Mwalimu Chaki.

"Shikamoo mwalimu," Pilipili alisema.

"Marahaba. Hebu niambie, swali la tano ulilifanyaje?"

Pilipili alitafuta kichwani swali la tano lilikuwa nini. Hakulipata. "Nilizidisha, mwalimu."

"Ulizidisha nini?"

"Namba."

Kasuku alicheka puani. Mwalimu hakucheka.

"Swali la tano lilikutaka upime mlango wa nyumbani kwenu. Kwanza kwa shubiri zako, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Kisha kwa sentimita. Halafu utafute shubiri yako moja ina sentimita ngapi. Wewe umeandika mlango wenu una shubiri kumi na moja, sentimita mia moja tisini na nane. Leo nimevaa gauni alilonishonea mama yako, nikaukumbuka mlango huo. Siku niliyokuja kupimwa ulinigonga paji la uso, nikarudi kwangu na nundu. Mimi si twiga, Pilipili. Mlango huo umerefuka lini?"

Cherehani ilinyamaza. Ilikuwa kweli, na mtaa mzima ulijua. Mvua zilipokuwa zikiingia ndani, kizingiti kiliinuliwa kwa saruji na mlango ukakatwa chini. Tangu hapo kila mtu mzima aliingia nyumba ile ameinama.

"Nijibu. Umenakili?"

Pilipili alifungua mdomo aseme hapana. Badala yake yalitoka yote yaliyokuwa yamemjaa kifuani.

"Ndiyo, nimenakili! Wiki ya kwanza nilifanya mwenyewe. Ya pili nilifanya mwenyewe. Ukaniita mvivu mbele ya watu wote, ukasema wenzangu wanaweza. Haya, nimefanya kama wenzangu! Ukanipigia makofi! Sasa unataka nifanye nini?"

"Pilipili!" Mama alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Huyo ni mwalimu wako! Unamfokea kama mnagombania maji bombani?"

Simuni zikasikika karatasi zikifunuliwa, polepole, halafu kwa haraka.

"Kama wenzako," mwalimu alirudia. "Ngoja. Kiranja, mia moja tisini na nane. Huyu anayekaa ghorofani, mia moja tisini na nane. Mapacha, mia moja tisini na nane. Binti wa mashine ya kusaga, mia... Yule lango lao lori la mahindi linapita! Ee, watoto hawa! Darasa zima lina mlango mmoja!"

Simu ikakatika.

Pilipili alidhani balaa limekwisha, kumbe lilikuwa limehamia kwa mama. Mama alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo mishipa ya shingo ilimsimama. Alivua utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, akamnyooshea.

"Huu ni nini?"

"Utepe, mama."

"Mlango uko wapi?"

"Ule pale."

"Hatua ngapi?"

"Nne."

"Hatua nne! Mtoto wa fundi, umekaa ndani ya nyumba ya vipimo, unakwenda kuazima urefu wa mlango wa nyumba nyingine! Umenitia aibu. Siku gani umeniona mimi nikimshonea mteja nguo kwa kipimo cha jirani yake?"

Pilipili alilia, lakini yalikuwa machozi ya hasira zaidi kuliko ya majuto. "Ningejifunzaje, mama? Kila nikianza kusikiliza somo wateja wako wanapiga simu. Sijawahi kulimaliza hata moja."

Mama alitazama simu yake yenye kioo kilichopasuka, kisha akaokota kiti kilichoanguka, akakaa.

Mchana mwalimu akaja mwenyewe, barakoa usoni, bunda la karatasi kwapani. Safari hii aliinama mlangoni vizuri sana. Aliketi karibu na kizingiti, mbali kidogo na wengine, na macho yake yalionyesha kwamba hasira hakuiacha nyumbani.

"Nani anawatumia majibu?" aliuliza.

Pilipili alitazama sakafu. "Mimi nimenakili, mwalimu, na nitasema hivyo popote. Wengine waulize wenyewe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. "Vizuri. Majina sihitaji. Milango imeshasema yote." Aliyaweka makaratasi chini. "Na kabla sijakugombeza, nijibu hili. Kwa nini hukuniambia kwamba somo linakukatikia?"

"Hukuuliza, mwalimu. Uliuliza tu nina nini, halafu ukajijibu mwenyewe kwamba mimi ni mvivu."

Mama alitaka kumkemea tena, lakini mwalimu aliinua mkono.

"Mwache, Mama Pilipili. Kasema kweli." Akamgeukia Pilipili. "Shuleni nikimwona mtoto anakuna kichwa, najua nimemwacha njiani, narudi kumchukua. Huku nilikuwa naona karatasi tu, na karatasi haikuni kichwa. Nikawa nasahihisha majibu, sisahihishi watoto. Mwongo nikampa ishirini na mkweli nikamtukana hadharani. Kwa hilo unisamehe. Na nitakuomba radhi kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale."

Pilipili hakuwahi kusikia mtu mzima akimwomba msamaha mtoto. Hasira yake, iliyokuwa imesimama mlangoni tayari kupigana, haikujua iende wapi.

"Sasa zamu yako," mwalimu alisema, na sauti ikawa ngumu tena. "Kukasirika ulikuwa na haki. Kudanganya hukuwa nayo. Ungeniandikia maneno mawili tu, mwalimu sijaelewa, ningekuja. Badala yake ulichukua haki yako yote ukaitupa. Hizi kazi tatu nimezifuta, kwa darasa zima, na mwalimu mkuu amekubali. Tunaanza upya. Ukianguka, umeanguka wewe. Ukipita, umepita wewe."

"Kwa hiyo bado anaweza kurudia?" Kasuku aliuliza kutoka pembeni.

"Anaweza," mwalimu alisema. "Haya, Pilipili. Swali la tano. Mlango ndio huu."

Pilipili alijifuta machozi, akapanda juu ya kigoda. Alipima kwa shubiri kutoka juu hadi chini, akihesabu kwa sauti. "Kumi na nusu." Kisha akachukua utepe wa mama. "Sentimita mia moja sitini na nane." Aliandika kwenye daftari: mia moja sitini na nane, gawanya kwa kumi na nusu. Pale kwenye nusu kalamu ikakwama, pale pale ilipokwama wiki mbili zilizopita. Aliona uso unaanza kumwaka tena.

"Usikimbie," mwalimu alisema. "Nina siku nzima. Nusu inakuudhi nini?"

"Haigawanyiki vizuri. Ingekuwa mbili, nusu na nusu ingekuwa moja nzima."

"Basi ifanye mbili."

"Nifanyeje? Mlango ni mmoja."

Mama, ambaye alikuwa amejifanya anatunga uzi kwenye sindano, alishindwa kuvumilia. "Mimi nikipewa kitambaa cha gauni moja kinanisumbua kukigawa, najiuliza, je, yangekuwa magauni mawili?"

Kalamu ya Pilipili ikaanza kukimbia. "Milango miwili ni shubiri ishirini na moja. Na sentimita ni mia tatu thelathini na sita. Gawanya..." Midomo yake ilicheza. "Kumi na sita! Shubiri yangu ni sentimita kumi na sita!"

Kasuku alimrukia na utepe, akaupitisha kwenye kiganja cha dada yake. "Kumi na sita kweli!"

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kile alichowaandikia huyo mwenye majibu, wewe umekielewa. Yeye hayupo hapa kuelewa kwa niaba yako."

Kabla hajaondoka walipatana mambo. Mwalimu hatatuma tena dakika nane kwa mkupuo, atatuma vipande vya dakika mbili mbili. Maswali yatatoka nyumbani kwa kila mtoto: binti wa mashine ataulizwa mifuko ya unga, anayekaa ghorofani ataulizwa ngazi zake, mtoto wa fundi ataulizwa vitambaa. Kila mtoto ataeleza kwa sauti yake amefikaje kwenye jibu, na wasio na simu watamweleza yeye mwenyewe pale mashineni, wawili wawili. Mama naye alikata karatasi, akaandika kwa kalamu nene na kuibandika nje: KUANZIA SAA NANE HADI SAA TISA FUNDI HAPOKEI SIMU. MTOTO ANASOMA.

Wateja walinung'unika. Yule wa kola alinung'unika kuliko wote. Mama akamwambia kola haifi.

Kiranja alikuja dirishani amefura. "Wewe ndiye uliyetuchoma!"

"Mimi sikutaja hata jina moja," Pilipili alimjibu, mikono kiunoni. "Umetajwa na mlango. Nenda kaupime."

Wiki tatu zikapita. Mwalimu Chaki alizunguka na alama za kila mtoto, akafika kwa fundi saa tisa kasoro, akasubiri nje mpaka somo liishe. Pilipili alipata thelathini na sita. Hazikuwa nyingi, lakini aliweza kueleza kila moja ilitoka wapi. Kiranja alipata thelathini na moja, na inasemekana alitoka jasho kwa kila moja.

Kasuku alinuna. Alikuwa ameshalipangusa dawati akilini.

"Nilikuambia hasira hasara, ukanuna," mama alimwambia Pilipili, "na sikukueleza maana yake. Kukasirika kwa kuonewa si kosa, mwanangu. Ukionewa, sema, hata kama sauti itatetemeka, ila useme kwa adabu. Lakini ukiacha hasira ikutume kudanganya, aliyekuonea hapotezi kitu. Unapotea wewe. Ndiyo hasara yenyewe."

"Na mimi nimejifunza nini?" mwalimu alisema, akiinuka na bunda lake. "Nimejifunza kumuuliza mtoto kabla ya kumhukumu, na kupima kila mmoja kwa mlango wake."

Akageuka kuondoka, akili yake yote iko kwenye maneno yake mazuri, akasahau kuinama. Ngwa!

"Pole mwalimu!" walisema wote watatu kwa pamoja.

Mwalimu Chaki alishika paji la uso, macho ameyafumba.

"Mia moja sitini na nane," alisema kwa uchungu. "Jibu ni sahihi kabisa."